Odilia, Bawa Nililipinda Mimi

Odilia mwanangu,

Najua umeshacheka. Mtu wa miaka kumi na tisa anamwita mwanangu mtu wa miaka kumi na miwili, na huyo wa kumi na miwili ameshampita kimo. Cheka, lakini endelea kusoma. Siku tuliyomzika dada Pelagia, wazee walikutoa mgongoni kwa bibi yako wakakuweka mapajani pangu, nami bado nina sare ya shule, wakasema: Restuta, mama mdogo ni mama, huyu ni wako. Niliwatazama nione kama kuna anayetania. Hakuna aliyetania. Bibi alikuwa bado hai na ndiye aliyekulea kweli. Mimi nilikuwa mama wa jina. Alipofariki naye, jina likawa kazi. Na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha kazi yenyewe, niliianza kwa njia moja tu niliyoijua: kumshuku kila mtu anayekusogelea.

Sitakuandikia habari za mswaki, wala za kuanua nguo kabla ya mvua. Hayo nimekuambia mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Barua hii nimeishonea ndani ya bitana ya begi lako, na ukiisoma maana yake umekata ule uzi mwekundu niliokuonyesha. Nimeishona kwa sababu sijui nani atafungua begi lako huko Kakonko. Unaona sijapona.

Ninachotaka ni uipate habari ya bawa kutoka kwangu, kabla hujaipata kwa baba yako. Ulikuwepo, lakini hukuona yote. Sijui Melkiori ataisimuliaje. Huenda akanisema vizuri, na hilo nalo linanitia wasiwasi.

Babu alipostaafu kuendesha greda, wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akaanza kujenga ndege ya mtu mmoja kwenye banda la nyuma, hapa hapa Kitahana, kwa mabomba mepesi ya alumini, mbavu za mbao laini na injini aliyoitoa kwenye pikipiki kubwa. Unakumbuka maneno ya watu. Wengine walisema atavushia mali Burundi. Mtendaji wa kijiji alikuja mara mbili kuuliza swali lile lile kwa namna mbili tofauti. Babu alipotaka kuivika maturubai nilimkataza, maana wangesema tumeyaiba kambini kwa wakimbizi. Mama Zawadi akipita na ndoo zake alikuwa hakosi neno.

"Mzee, ungo wenu umefika wapi?"

"Umebaki kukupima uzito wewe, mama. Ndiyo tunaogopa."

Babu alikuwa akicheka na wote. Mimi nilikuwa nakariri nani kasema nini.

Maelekezo ya kuvika kitambaa yalikuwa ya Kiingereza, kwenye simu yangu. Kiingereza cha babu ni cha majina ya vipuri. Mimi nimesoma msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, kwa hiyo ikawa hivi: nasoma, namweleza kwa Kiswahili, na yeye ananirudishia kwa Kiha ili ahakikishe ameelewa. Hakuwa na njia yoyote ya kunikagua. Alichokuwa nacho ni mimi.

Kitambaa tulikifuata Kasulu, kwenye duka la mzee Shabani, yule mwenye asili ya pwani anayeuza vitambaa vya pazia na sare. Ilitakiwa poliesta tupu, kwa sababu poliesta ikipigwa pasi hujikaza mpaka ikalia kama ngoma ukiigonga. Ikiwa imechanganywa na pamba hulegea. Mzee Shabani aliapa kuwa ni poliesta tupu. Mimi nikachomoa uzi kwenye jora, nikaomba kiberiti.

"Binti, umekuja kununua au umetumwa kunipeleleza?"

Niliuchoma pale mlangoni. Ukayeyuka ukawa punje nyeusi ngumu. Ungekuwa na pamba ungeacha majivu. Nikachomoa mwingine, wa upande wa ndani kabisa wa jora, maana mfanyabiashara anaweza kuweka kizuri juu. Mzee Shabani akamgeukia babu. "Mzee mwenzangu, huyu atakayemuoa atachomwa vidole kwanza." Babu alicheka mpaka akakohoa. Uzi wa pili nao ukayeyuka. Niliona aibu, na bado njiani nikawa najiuliza kwa nini alituongezea kipande bila kuombwa.

Baba yako naye alirudi wakati huo. Baada ya mazishi ya mama yako alikwenda machimboni Geita, na kwa miaka yote hiyo hatukupata hata salamu. Halafu babu anakwenda Kakonko kutafuta mbao, anarudi, anakaa, anavua viatu, anasema kama mtu anayesema mvua imeanza kunyesha:

"Nimemkuta Melkiori. Ana karakana ya useremala. Ana mke. Atakuja kutusaidia mbavu."

"Melkiori wetu?"

"Kwani yuko mwingine?"

Alikuja. Alifanya kazi vizuri, na kadiri alivyofanya vizuri ndivyo nilivyozidi kumwangalia. Mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo anakuja kulainisha mbao kwa msasa uani kwetu, hadai kitu, anakula anachopewa, anasema asante. Anataka nini? Safari ya pili alikuletea viatu vya shule, vikakutosha kama vilivyoshonwa juu ya mguu wako. Ulirukaruka uani. Mimi nilisimama mlangoni nikiwaza: amejuaje? Hakuwahi kukushika mguu wala kukuuliza namba.

Alipokwenda kuoga nilifungua begi lake. Nakuambia hili kwa sababu nimeamua kukuambia. Chini ya randa na patasi nilikuta kijiti kimezungushiwa uzi mweusi, kina alama mbili za kisu. Niliona uchawi. Nilikichukua, nikakiingiza jikoni chini ya sufuria ya maharage, na usiku ule sikukuruhusu ule maharage yale. Ulilala na chai. Ulidhani nakuadhibu kwa kupoteza kalamu.

Wiki nyingi baadaye nilimkuta asubuhi amechuchumaa kwenye tope la mlangoni, anapima alama ya mguu wako kwa kijiti kipya. Alishtuka kuniona. Akasema anaona haya kukuomba mguu, utadhani anataka kujipendekeza, basi anapima alama unapokwenda shule. "Cha kwanza sijui nilikidondosha wapi," akasema. Nilimwambia labda kuku. Ndiyo jibu nililompa. Labda kuku.

Lakini hilo nililijua baadaye, na bawa lilikuwa limeshapinda.

Maelekezo yalikuwa wazi. Kitambaa kikishagundishwa kwenye fremu, bawa linasimamishwa kwa ukingo wake, watu wawili wanasimama pande mbili, kila mmoja na pasi yake, wanakwenda pamoja, kipande kwa kipande. Upande mmoja ukikazwa peke yake utazivuta mbavu kuja kwake, na bawa litajikunja kama ubao mbichi ulioachwa juani. Nilisoma, nikarudia kusoma. Pasi za mkaa tulikuwa nazo mbili. Watu wenye mikono iliyotulia walikuwa wawili pia, mimi na Melkiori, kwa sababu mikono ya babu inatetemeka tangu enzi za greda. Ilikuwa kama maelekezo yametuona.

"Wanasemaje?" babu akauliza.

Melkiori alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai. Nikasema, "Wanasema apige mtu mmoja, mwanzo hadi mwisho. Ili joto lisitofautiane."

"Mtu mmoja?" Melkiori akauliza.

"Ndivyo walivyoandika."

Akanywa chai yake. Odilia, mimi ambaye nikitumwa chumvi kwa Mama Zawadi narudi mikono mitupu kwa kuona haya kubisha hodi, siku ile sikujikwaa hata silabi. Uongo ulitoka umenyooka kuliko ukweli wowote niliowahi kusema. Tangu siku hiyo nikisema jambo bila kigugumizi najitazama mara mbili.

Nilipiga pasi peke yangu. Upande wa juu wote kwanza, kisha wa chini. Nilitia mkaa, nikapepea, nikaipima pasi kwenye kipande nilichokuwa nimekigundisha kwenye fremu ndogo, maana ikizidi moto kitambaa kinatoboka kabla hujasema lolote. Kilijikaza vizuri mno. Ulikuja ukakigonga kwa kidole, kikalia, ukasema kinasema "du". Nilijivuna. Nilikuwa nimemzuia Melkiori kugusa, na kazi ilikuwa imependeza.

Aliyeona ni yeye. Alipiga magoti kwenye ncha ya bawa la kushoto, akafumba jicho moja, akatazama ukingo wa nyuma kama anavyotazama mbao. Akaenda la kulia. Akarudi.

"Mzee, mabawa haya yamejinyonga. La kushoto zaidi. Ikinyanyuka italala upande, na kule juu hakuna pa kushika."

Babu akainama naye. Macho ya babu yana ukungu siku hizi, unajua, ila hataki kusema. Alitazama sana. Kisha akaniuliza mimi. "Restuta, we unaonaje?"

"Naona yako sawa."

"Hebu pita huku utazame vizuri," Melkiori akaniambia, bila ukali.

"Nimeshatazama." Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaongeza: "Labda shemeji anataka tuyafumue ili aseme yeye ndiye aliyetengeneza."

Babu akasimama, akajipangusa magoti. "Aliyesoma ni mwanangu," akasema, na mambo yakaishia hapo. Akapanga Jumamosi ndege ipelekwe uwanja wa mpira wa shule, aijaribu. Kuruka kidogo tu, alisema. Kimo cha goli.

Siku zilizofuata ndizo ninazotaka uzijue, kwa sababu hukuziona. Kila nikifagia banda nilikuwa navuta uzi kutoka ncha hadi shina la bawa, nikitumaini limejinyoosha. Halikujinyoosha. Na badala ya kujishuku mimi niliyelipinda, niliwashuku wengine. Nilisema labda mtu analilegeza tukiwa shambani. Nilimwangalia fundi wa baiskeli aliyepita kuuliza bei ya mabomba. Nilikuangalia hata wewe, na kidole chako cha "du". Nilikuwa na ukweli mkononi kama kaa la moto, nikawa nazunguka kijiji kizima nikitafuta nani anaunguza.

Jumamosi uani kulijaa. Vijana walikuja kubeba mabawa. Babu alitoka amevaa koti la mvua na kofia ya pikipiki, na alikuwa amenyoa ndevu. Ningeweza kuvumilia koti. Kunyoa ndevu ndiko kulikonimaliza. Aliondoka chumbani asubuhi ile akiamini neno langu kiasi cha kunyolea ndevu.

Nilijua nikifungua mdomo hakitatoka kitu. Nilichukua mkasi wangu wa kushonea, nikaingiza ncha yake karibu na shina la bawa la kushoto, nikakata. Kitambaa kilichokazwa namna ile hakisubiri mkasi. Kinapasuka chenyewe mbele yake, kwa mlio. Watu walirudi nyuma. Wewe ulinishika gauni. "Mama Resti, unafanya nini?" Nikaenda kwenye bawa la kulia, nikalikata nalo.

"Restuta," babu akasema. Jina tu.

"Nilidanganya, baba. Walisema wapige watu wawili."

Alivua kofia, akaiweka juu ya kiti taratibu kana kwamba ndani yake mna mayai, akaingia ndani. Mama Zawadi akamwambia jirani yake, na hakujali kushusha sauti, "Bora ungekuwa ungo." Watu wakaondoka kwa mafungu, wakigeuka.

Aliyebaki ni baba yako. Alikuwa anakusanya vitambaa, anakunja. "Hivi vikubwa vitafaa kwenye mkia," akasema. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana, na nilimchukia kwa hilo.

Akauliza, "Ulikuwa unaniogopa mimi?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Si ungeniambia niondoke."

"Ungeondoka?"

Akafikiri. "Hapana," akasema.

Hilo ndilo neno lake la kwanza nililoliamini. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu halikuwa zuri.

Babu hakunisemesha siku nyingi. Alikuwa anakula ninachopika na kuitikia salamu, basi. Siku aliyorudi kunisemesha aliniita bandani, akanipa simu yangu, akaniambia, "Soma tena. Kuanzia mwanzo." Nikasoma. Kila sentensi aliuliza, "Na hapo hujaongeza kitu?" Aliniuliza hivyo mbele ya Melkiori na mbele yako, na nilijibu kila mara, hapana, sijaongeza. Nilidhani nitakufa kwa aibu. Sikufa. Tulipomaliza akasema sauti yangu ya kusomea imekauka, nikanywe maji. Nikajua tumerudi.

Kitambaa kingine tulikifuata Kasulu kule kule. Mzee Shabani aliweka jora mezani na kiberiti juu yake.

Sasa nikueleze ile kazi ya watu wawili, kwa sababu ulikuwa shule tulipoifanya. Bawa limesimama katikati kama ukuta. Mimi upande huu, yeye upande ule. Hatuonani. Kitambaa ni chepesi lakini hakipitishi sura, kinapitisha kivuli tu, tena jua likiwa nyuma yake. Unachosikia ni pasi yake ikiteleza na mkaa wake ukilia. Lazima muwe mahali pamoja, ubavu mmoja, wakati mmoja. Ukimwacha nyuma, bawa linakuja kwako, akikuacha, linakwenda kwake. Kwa hiyo mnaulizana.

"Uko wapi?"

"Ubavu wa nne. Namaliza."

"Subiri, mkaa wangu umepoa."

"Nasubiri."

Na mimi, mwanangu, kila baada ya ubavu niliweka pasi chini nikazunguka kwenda kukagua upande wake. Kila ubavu. Nilitazama kama ameunguza, kama amenipunja. Alikuwa anasogea pembeni tu, ananipisha, anatumia muda ule kupepea mkaa. Mara moja nikakuta pameachwa pamelegea, nikamwonyesha, akasema, "Kweli," akarudia. Halafu akauliza, "Na mimi nije kwako?" Nilishtuka. Haikuwahi kunijia kwamba upande wangu nao una wa kuukagua. Akaja. Akakuta pawili.

Sikuacha kumshuku siku ile. Nataka uelewe, sisemi moyo wangu ulifunguka. Nilichogundua ni kidogo zaidi ya hapo: nilikuwa nimezoea kukagua watu kwa siri, mabegi yao, maneno yao, na siri hiyo ndiyo iliyokuwa inanichosha na kunidanganya. Kile kijiti ningemuuliza tu ni cha nini, angeona haya, angenijibu, na wewe ungekula maharage. Kumkagua mtu waziwazi, akiwa amesimama pale, kunakupa jibu siku hiyo hiyo. Ila kunataka mdomo. Na mdomo ndio nisiokuwa nao.

Mabawa yalinyooka. Ndege bado haijaruka, kama unavyojua. Safari hii babu amesema hatagusa uwanja mpaka wakaguzi wa anga waje, na wakaguzi wanasema watakuja. Anawasha injini jioni, Mama Zawadi anakuja na kigoda chake.

Rangi ya bawa la mwisho ilipokauka, Melkiori alimwomba babu ruhusa ya kukuchukua ukaishi naye Kakonko, usome sekondari huko.

Nilikuwa naosha brashi. Nikasema moyoni: ahaa. Ndiyo hiyo. Ndicho alichokuwa anakitafuta siku zote, viatu, mbavu, na ule upole wa kukunja vitambaa. Na kibaya zaidi ilikuwa kweli. Ndicho alichokuwa anakitafuta. Kumbe mtu anaweza kuwa na lengo alilolificha na lengo lenyewe likawa ni mtoto wake.

Babu akamjibu, "Mama yake yule pale. Mwombe yeye."

Akaja akakaa chini mbele yangu kwenye vumbi, mwanamume aliyenizidi umri mara mbili, akaniomba kwa heshima zote. Nikasema nitafikiri. Usiku huo, tukichambua maharage, nilikuuliza, unakumbuka?

"Unataka kwenda?"

"Nataka kumjua."

"Na mimi?"

"Wewe nakujua."

Ulisema hivyo, ukaendelea kutupa mawe pembeni. Hukukusudia kuniumiza. Nimelizungusha neno hilo kichwani nikitafuta ubaya ndani yake, sijaupata.

Wiki iliyopita nilipokwenda Kakonko nilikuambia nafuata vitambaa vya sare. Nilikwenda kukagua. Safari hii nilibisha hodi. Nilisimama nje muda mrefu, lakini nilibisha. Mke wa baba yako anaitwa Adelina. Akanisalimu kwa Kiha, mwakeye, akaniangalia kuanzia viatuni.

"Wewe ndiye Restuta wa mkasi."

"Ndimi."

"Karibu. Kaa kwanza unywe uji. Hata askari wakija kupekua huwa tunawapa kiti."

Nikamwambia nataka kuona utakapolala. Akanionyesha. Nikauliza nani mwingine analala pale. Mwanawe wa kike, mdogo, wa miaka mitano. Nikauliza mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje. "Kwa ndani. Jaribu." Nikajaribu. Nikauliza nani anachota maji, nani anaamka wa kwanza, Melkiori akinywa pombe anakuwaje. "Anaimba," akasema. "Vibaya." Kisha akanisogezea sufuria iliyofunikwa. "Fungua na hii, usije ukafika nyumbani ukakosa usingizi." Nikafungua. Samaki wa migebuka na mihogo.

Nilipoinuka kuaga, akaacha utani. "Na mimi nikuulize?"

"Uliza."

"Huyo mtoto umemwambia nini kuhusu mimi?"

"Bado sijamwambia kitu."

"Mimi namwogopa," akasema. "Anakuja hapa na mama wawili kichwani, mmoja amekufa na mmoja ana mkasi. Mimi nitakaa wapi?"

Nilikunywa uji uliobaki ili nisijibu.

Njiani kurudi sentensi ilinijia yenyewe, imekamilika, haina kigugumizi: mke wake hakutaki. Maneno matatu. Ningeyasema ukabaki, na babu angeniamini, na kama angeniuliza kama nimeongeza kitu ningesema hapana. Nilitembea nayo mdomoni kutoka barabarani hadi mlangoni. Ulikuwa unanisubiri, ukauliza, "Yukoje?"

Nikasema, "Anakuogopa." Sauti ilikwama katikati, nikarudia. Ukacheka, ukasema hata wewe unamwogopa, ukaenda kupanga nguo.

Kuna jambo moja sijalipatia ufumbuzi. Nilimuuliza baba yako, uso kwa uso, kwa nini hakuleta hata salamu miaka yote ile. Akasema, "Sikuwa na cha kusema." Jibu hilo halinitoshi. Nimelitazama kila upande na limelegea. Siwezi kulikaza mimi. Aliyenyimwa salamu ni wewe, na wa kumuuliza tena ni wewe, siku utakayotaka. Ukimuuliza, mtazame. Akikuambia "Sijui," mpe muda. Akikuambia aliyezuia salamu ni mimi, au babu, au marehemu mama yako, hapo kaa chonjo.

Adelina usimkague kwa siri. Ukitaka kujua kitu kwake muulize, ana mdomo wa kutosha watu wawili. Na akitaka kutazama upande wako, mpishe.

Kesho baba yako akifika nitasema "haya, panda," na labda nitakukumbusha sweta. Usidhani ndiyo yote niliyokuwa nayo. Ndivyo ninavyozungumza. Nitakuwa nakuangalia wewe na namwangalia yeye anavyobeba begi lako, kama analibeba kwa mpini au kwa kulikumbatia, na nitatafuta maana ndani yake, na pengine hamna maana yoyote.

Nimeishi kwa kutaka ushahidi. Uzi uungue, kijiti kionekane, mlango ujaribiwe. Na nitaendelea, nitakuja Kakonko siku ambayo hamnitarajii, Adelina nimeshamwambia, akasema atapika mihogo kila siku ili asipatikane na kosa. Lakini hiyo ni mimi na wao. Wewe siyo unayetakiwa kunithibitishia. Ukikaa huko ukaona pazuri, kaa, usinihurumie. Ukiona si pazuri, hata kama viatu vinakutosha na sufuria imejaa na hakuna aliyekugusa wala kukutukana, hata kama huwezi kusema ni nini hasa, njoo nyumbani. Nitakufungulia. Sitakuuliza ushahidi.

Mama yako mdogo,
Restuta